Michoro ya Kufutwa

Mjimwema, Songea

Kaka yangu Daimu,

Asalaam alaykum, na shikamoo. Wifi hajambo? Binti yenu Halima je? Na palizi ya mikorosho huko Nakapanya mmemaliza? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya Songea inatutafuna. Ningepiga simu, lakini wewe simu unaiweka spika dukani, mtaa mzima unasikiliza.

Bibi yupo. Matone ya presha ya macho anatia kila siku, ingawa daktari hakutupa matumaini makubwa. Anakula, anatania majirani, na chai yangu anasema ni maji ya kusuuzia vikombe.

Basi, kidato cha kwanza nawafundisha michoro ya miambani ya watu wa kale, na Bibi akataka nimsomee kitabu. Nikamsomea jinsi watu wale, kabla ya jembe na chuma, walivyosaga udongo mwekundu wakauchanganya na mafuta ya wanyama, wakachora kwa vidole na vijiti: swala, twiga, watu warefu wembamba, duara ndani ya duara. Wengine waliweka kiganja kwenye mwamba wakapuliza rangi kwa mdomo, alama ya mkono ikabaki. Nikamweleza kwamba wataalamu hawajakubaliana walichora kwa nini. Huenda waliomba mawindo, huenda ilikuwa kazi ya waganga, huenda walikuwa wakifunda vijana.

Bibi akauliza kama walifuta. Nikamwambia hawakufuta, ndiyo maana tunaiona hadi leo. Lahaula, kaka, alivyokasirika! Akasema mambo ya wari yanaachwaje hadharani, kila mpita njia akodolee macho? Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Unajua mwenyewe, amekuwa nyakanga wa unyago tangu hatujazaliwa: anachora chini kwa unga, anawafunda wari juu ya mchoro, kisha anaufuta kwa kiganja kabla hawajatoka. Baadaye akapoa, akasema labda wale wazee walikosa mtu wa kumwachia, wakaliachia jiwe.

Toka siku hiyo nikitoka shuleni tunafunga mlango. Anachora yeye, nami naiga. Mchoro gani usiniulize, wewe mwanaume. Sembe yangu imeisha, na magoti yananiuma kwa hii sakafu.

Najua ulishasema mwaka huu Halima achezwe unyago kwa mawaidha tu, michoro iishie kwa Bibi. Kusema kweli sikutaka kukupinga. Nilikuwa naiga ili bibi wa watu afurahi.

Sasa nikwambie la Alhamisi. Nilichora, nikaona nimekosea, nikafuta mpaka sakafu ikabaki tupu. Kabla sijaanza upya, Bibi akatoka jikoni, akainama pale pale, akatazama kwa muda mrefu. Akasema sasa nimepatia, hata kona zimekaa vizuri, nisibadilishe kitu.

Kaka, Bibi haoni. Haoni kabisa. Siku zote hizo mkono wake ulikuwa unachora kwa mazoea tu, nami nikadhani bado kuna nuru kidogo. Nikamjibu ahsante Bibi, nikaenda uani nikalia na kanga mdomoni asinisikie. Anatuficha kwa sababu anaogopa tukijua tutamzuia kwenda kumcheza Halima. Nimeumia sana, kaka.

Nimeshaomba ruhusa kwa mkuu wa shule. Likizo ya Juni nakuja naye. Yeye atasema, mimi nitachora, na baada yake kazi hii nitaishika mimi. Nakuomba, tena kwa heshima zote, usinikatalie. Wala usimwoneshe kwamba tunajua. Mkishuka kutupokea stendi, mshike mkono kama mtu aliyemkumbuka bibi yake, basi.

Wifi mpe salamu zangu nyingi, na Halima mwambie shangazi yake anampenda. Bibi amekaa hapa ubavuni, anaiangalia karatasi. Ananisifu mwandiko wangu, anasema siku hizi umenyooka.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhra