Nyuki Hawakuambiwa

Chini ya milima ya Pohorje,
mwishoni mwa Agosti

Shemeji Zalka mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote wawili. Hata kuandika "sote wawili" bado kunaniuma. Goti lako linaendeleaje? Lifti ya hapo kwenu Maribor wameitengeneza, au bado unazikwea zile ngazi? Sisi miili ni mizima. Miplamu imezaa mpaka matawi yanainama, na jamu hakuna wa kuipika, maana dada yako Marjeta tulimzika Februari na ujuzi wake.

Najua umeshasikia, kijiji chetu hakina dogo. Ndiyo, binti yetu Neža hataingia darasa la tatu. Nitamfundisha mwenyewe hapa nyumbani. Usicheke, Bi Pavla mwalimu mkuu ameshacheka kwa niaba yenu nyote nilipompelekea taarifa. Tulisoma darasa moja, kwa hiyo hanionei haya. Alisema, "Wewe Gorazd, hesabu za kugawanya ulinakili kwangu, leo umfundishe nani?" Kisha akanishika bega, akasema sheria inaruhusu, ila mwisho wa mwaka mtoto atafanya mtihani shuleni, na kiti chake kitamsubiri.

Basi nimejiandaa. Karakana nimeigawa: milango ninayotengeneza upande huu, na kule dirishani meza niliyomchongea kwa mbao za mpea. Ukuta nimeupaka rangi nyeusi uwe ubao. Vitabu vyake navisoma kabla yake, na hesabu za sehemu, wallahi, zimenitoa jasho kuliko mlango wa kanisa. Neža aliikalia ile meza, akaipapasa, akauliza kama akiwa hapo ataniona wakati wote. Nikasema ndiyo. Akasema basi ni sawa.

Watu nimewaambia ni majonzi, kwamba alikuwa darasani mama yake alipoanguka, sasa hawezi kukaa tena pale. Nami nilidhani ndivyo.

Kumbe sivyo. Mila yetu unaijua: mwenye nyuki akifa, mtu wa nyumbani agonge kila mzinga awape habari, la sivyo nao watakufa. Siku ya msiba nani alikumbuka? Theluji, jeneza, wageni. Majira ya baridi yalipokwisha, mizinga mitatu kati ya saba ya Marjeta ilikuwa kimya, nyuki wamekufa. Bibi Tončka, jirani yetu, akabwata barabarani mtoto akisikia, "Si mlinyamaza! Nyuki hawakuambiwa, mlitaka wafanyeje?" Nikamwambia afunge domo lake, nikadhani yameishia hapo.

Jumapili iliyopita asubuhi nilimfuata Neža kwenye kibanda cha nyuki. Alikuwa anagonga mizinga iliyobaki, mmoja mmoja, anainama, ananong'ona, "Baba bado yupo. Amekunywa kahawa. Baba bado yupo." Nikakaa kwenye nyasi mbichi. Aliponiona hakushtuka. Alinieleza polepole, kama mimi ndiye mwanafunzi, kwamba huwaambia asubuhi na mchana, maana Mama naye alikuwa mzima asubuhi walipoagana. Akiwa shuleni atajuaje? "Nikienda, Baba, nani atakuangalia?"

Sasa nikuambie ambalo hata padri sijamwambia. Palepale nilipaswa kumwambia kwamba kumlinda baba si kazi ya mtoto wa miaka minane. Sikumwambia. Nilifurahi, Zalka. Nilifurahi kwamba yupo anayenijulia hali. Saa za shule nyumba hii ni kimya mno, nami siwezi kuuvumilia ukimya huo. Ile meza nimejichongea mimi. Anayeogopa kubaki peke yake ni mimi, na ningemfunga mtoto wa dada yako humu karakanani nikaita malezi.

Shule inafunguliwa wiki ijayo. Tafadhali njoo kabla. Wewe ndiye mama yake mkubwa, mshike mkono umfikishe darasani, kwani mimi nikifika langoni nitageuka naye. Kwa Bi Pavla nitakwenda mwenyewe kuifuta ile taarifa, acha anicheke tena.

Neža anakusalimu. Amekuwekea chupa ya asali ya mwaka jana, aliyoirina mama yake, na anasema usiimalize. Habari za nyuki mwambie asiwe na wasiwasi, nitawapa mimi. Nimeshamwona anavyofanya: unagonga taratibu kwa kifundo cha kidole, unasema bado upo, kisha unasubiri mpaka wavume.

Shemeji yako akupendaye,
Gorazd