Kola Unazoziuma

Baba Sulait,

Uji uko kwenye chupa, unywe ukiwa moto. Nimetangulia hospitali kukushikia foleni. Uje kabla ya saa tatu.

Asubuhi ulipokuwa unaoga, rafiki yako Ojok alifika kutoka Jinja na dawa ya kifua. Nikamwambia hukohoi. Akacheka: “Shemeji, huyo anameza kikohozi kama tulivyofanya vitani, adui asisikie. Wiki iliyopita nilimwona anauma kola ya shati, nikajua.”

Siku hiyo mlikaa naye saa moja tu. Mimi nalala kando ya kifua hicho, na kola hizo nazifua mimi. Kwani humu ndani adui ni nani?

Dawa yake nimeifungia kabatini. Ungeniambia yakiwa bado mafua, tungeyatibu kabla hayajashuka kifuani. Sasa daktari ayasikilize mapafu kwanza. ~~Ojok asije.~~ Akusindikize, lakini kwa daktari naingia mimi.

Vita vimekwisha mwaka wa pili huu. Kuanzia leo kohoa kwa sauti. Nataka niwe wa kwanza kusikia.

Mama Sulait