Mstari Asiouona Wato

Hagadera, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Wato,

Nagaa, kwa salamu ya Kiborana chenu. Natumaini barua hii imekukuta mzima na kwamba joto la Garissa halijakumaliza. Sisi huku hatujambo. Mama mgongo unamsumbua kama kawaida, na kituo cha kompyuta bado kina mashine saba zinazofanya kazi na nne za kupangusa vumbi tu. Nakuandikia barua pepe kwa sababu maandishi ya simu huyaoni, na kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chako kinachekesha na Kiborana changu kinakera.

Kesho unaanza kazi, kwa hiyo sikiliza. Ukifungua kihariri chako cha programu kwa ile akaunti yetu ya pamoja, mipangilio yote itakufuata yenyewe. Nikibadilisha kitu hapa kambini, na kwako kitabadilika. Rangi usiziguse. Ulipokuwa mwanafunzi wangu hapa kituoni, ilinichukua miezi minne kujua macho yako yanakubali nini: njano, chungwa, nyeupe na kijani kikali juu ya weusi mtupu. Kijivu kwako hakipo. Herufi nimezikuza kuliko zile za mabango ya kampeni. Kipanya kisahau, maana mshale wake huuoni. Kila kitu nimekihamishia kwenye vitufe. F6 inakupeleka penye kosa, F7 inakurudisha ulikotoka. Vifupisho vyako vyote vipo. Ukianza faili mpya, andika neno kichwa, bonyeza Tab, na mistari yote ya utangulizi inajiandika.

Unakumbuka ulivyoniahidi siku ile tunaagana Dadaab. Wakishaona unavyofanya kazi, utamwambia bosi ni nani aliyekutengenezea, ili aniandikie barua ya mwajiri. Mimi mkimbizi, bila barua hiyo sipati ruhusa ya kutoka kambini, hata kwa usaili wa saa moja. Nina miaka thelathini na moja, na ishirini na tisa kati ya hiyo nimeikalia hapa. Sitaki zawadi, Wato. Nataka unitaje.

Dadako,
Ikran


Garissa, 25 Februari 2024

Walaal Ikran,

Assalamu alaykum, dada yangu. Mama anaendeleaje na mgongo? Mwambie namsalimia sana na chapati zake nazikumbuka. Mimi ni mzima, Alhamdulillah, nimenenepa hata.

Ofisi yetu ni vyumba viwili na feni moja. Bosi anaitwa Keinan. Tunatengeneza programu ya visima: mfugaji aliye Kotile au Habaswein anatuma ujumbe, anajibiwa kisima kipi kina maji na kipi pampu yake imekufa. Anayekaa karibu nami ni Adow, mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza aliniona nimesogeza pua kwenye kioo cha kompyuta akauliza kwa sauti, "Nani atakuwa anasomea huyu?" Wote wakacheka. Wiki ya tatu walikuwa wamesimama nyuma ya kiti changu, wanatazama vidole. Nilimaliza kazi ya siku kabla ya chai ya saa nne. Keinan alisema hajawahi kuona mtu anaandika programu bila kugusa kipanya.

Amesema baada ya Ramadhani ataongeza mtu mmoja. Nitamwambia habari zako, walaal. Natafuta tu wakati mzuri.

Mdogo wako,
Wato


Hagadera, 16 Aprili 2024

Mdogo wangu Wato,

Idd njema, hata kama imepita. Macho yanakuuma? Unakunywa maji? Mama anasema wewe hunywi maji mpaka ukumbushwe.

Ramadhani imekwisha. Wakati mzuri bado haujafika? Nimekutumia maelezo yangu ya kazi mara tatu, nikadhani labda hayafunguki, kwa hiyo nimeyaweka tena hapa chini, kwa herufi kubwa. Nimefanya na upuuzi ambao usimwambie mtu. Nimeshona buibui la usaili. Limening'inia ukutani na mama akipita analipangusa vumbi. Kila jioni ananiuliza, "Wato amesemaje?" Nami namwambia umetingwa na kazi.

Neno moja tu kwa bosi wako. Hata likiwa hapana, niletee hiyo hapana.

Dadako,
Ikran


Garissa, 9 Mei 2024

Walaal Ikran,

Assalamu alaykum, na samahani kwa kukawia. Maji ya Tana yalipanda, barabara zikafungwa, umeme ukapotea siku nne. Tuko salama. Natumaini mama ni mzima.

Nina jambo, na nakuomba usikasirike. Mwezi wa tatu walikuja wageni, Keinan akanisimamisha mbele yao nionyeshe ninavyofanya kazi. Mmoja akauliza mpangilio huu ametengeneza nani. Mdomo ukasema ni mimi. Wakapiga makofi. Sasa kila mtu ofisini ameunakili kwenye mashine yake, vitufe na vifupisho vyote. Rangi tu ndizo wamezikataa, wanasema zinawaumiza macho. Wanauita Mpangilio wa Wato. Mimi ndiye ninayewafundisha.

Tangu utotoni kwetu Buna nimeongozwa kwa mkono, Ikran. Nimeongozwa kisimani, nimeongozwa shuleni, na wewe pia umeniongoza. Mara hii moja mimi niko mbele na watu wazima wananifuata. Nitawaambiaje leo kwamba nilidanganya?

Na tuseme ukweli kati yetu. Mimi nina kitambulisho, wewe una kadi ya posho. Ningekutaja, Keinan angeona usumbufu tu: barua, ruhusa, kusubiri. Sifa ungeifanyia nini huko kambini? Huku inafanya kazi.

Mdogo wako anayekupenda,
Wato


Hagadera, 12 Mei 2024

Mdogo wangu Wato,

Waalaykum salaam. Mama ni mzima, nami ni mzima. Tumshukuru Mungu kwamba maji hayakuwafikia.

Nimesoma barua yako mara mbili. Umesema kweli, sifa haina kazi huku. Tusigombane. Buibui nimempa binti wa jirani, anaolewa.

Kwa kuwa sasa unatazamwa na watu, nimekurekebishia kile kifupisho cha kichwa. Kimekuwa nadhifu zaidi. Juu kabisa utaona mstari mtupu. Usiuondoe, upo ili faili ipumue. Nenda kawafundishe.

Dadako,
Ikran


Garissa, 3 Septemba 2024

Ikran,

Sikusalimii.

Jana Keinan alichapisha kurasa za programu kwenye karatasi ili awape wageni. Akazileta mezani kwangu. Karatasi nyeupe, wino mweusi. Nikaiweka puani na kile kioo changu cha kukuzia, nikasoma mstari wa kwanza, ule ulioniambia ni mtupu:

Kazi hii ni ya Ikran Bishar wa Hagadera. Wato hawezi kuona mstari huu.

Nikafungua karatasi ya pili, ikawa hivyo hivyo. Na ya tatu. Faili mia mbili na kumi na mbili, kila moja niliyoianzisha tangu Mei kwa mkono wangu mwenyewe.

Walijua wote ila Keinan, asiyefungua faili. Walijua tangu wiki ya kwanza, kwa sababu kwenye mashine zao unaonekana. Kila chai ya saa nne kulikuwa na kicheko. Adow akiniletea chai alikuwa anauliza, "Wato, umeona?" na wote wanakufa kwa kucheka. Kikombe, umeona? Mlango, umeona? Nilidhani wamenizoea, wananitania kama mwenzao. Nilikuwa nacheka nao. Miezi minne nimecheka nao.

Nilikuibia sifa, sawa. Wewe ulikuwa mtu pekee duniani anayejua macho yangu yanaishia wapi, na ndipo ulipochimba.

Wato


Hagadera, 5 Septemba 2024

Mdogo wangu Wato,

Assalamu alaykum. Mimi nakusalimia, maana hilo halina ugomvi. Natumaini umelala na umekula.

Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Mstari ule ni wa maelezo, wa kusomwa na watu. Mashine inauruka, ndiyo maana programu haikuharibika. Niliuweka ndani ya kifupisho, kisha nikaupa mstari huo peke yake rangi nyeusi juu ya weusi wako. Basi. Mengine umeyaandika wewe.

Nilihesabu siku moja. Nilidhani faili ya kwanza tu, mtu aliye karibu nawe angekugusa bega akakuambia, nawe ungenipigia simu unalia, nami ningesema sasa tumelingana, tuendelee. Nilingoja siku hiyo, nikangoja wiki. Barua yako ya matusi haikuja. Nikaelewa kwamba wamekaa kimya. Ningeweza kuufuta hapa hapa nilipo, bila wewe kujua. Kila asubuhi nilifungua mipangilio, nikautazama, nikauacha. Sitakudanganya: nilianza kufurahi. Nilikuwa nakunywa chai yangu nikiwaza faili ngapi leo.

Umesema nilichimba macho yako yanapoishia. Kweli. Na wewe ulichimba kambi yangu inapoishia.

Angalau sasa bosi wako amelisoma jina langu. Akiuliza, mwambie niko pale pale.

Dadako,
Ikran


Garissa, 20 Septemba 2024

Walaal Ikran,

Assalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Natumaini mama hajambo na mgongo umepoa. Mimi ni mzima, Alhamdulillah.

Keinan ameuliza.

Aliniita ofisini, nikajua nafukuzwa. Hakunifukuza. Alikuwa na karatasi mbili mkononi. Akasema, "Huyu Ikran iko wapi? Mtu kama huyu mimi natafuta mwaka mzima." Karatasi moja ilikuwa barua ya mwajiri ya kukuombea ruhusa ya kutoka kambini. Alinipa nikaisoma kwa kioo changu. Jina lako limeandikwa sawasawa, na cheo kipo, na tarehe ya kuanza ni tarehe moja Oktoba. Ilibaki namba ya kadi yako tu, na hiyo ndiyo aliyoniitia.

Nikamwambia umefariki. Nikasema mwezi wa saba, homa ya siku tatu, na kwamba nilikuwa sijapata nguvu ya kulisema.

Aliiweka barua chini. Akawaita wote, wakainua mikono, wakakusomea Fatiha. Adow alilia, walaal, machozi kabisa, kwa sababu alikuwa akiufanyia mzaha mstari wa marehemu. Alinishika mkono akaomba msamaha. Tangu siku hiyo hakuna anayenicheka. Chai inakuja na kimya. Keinan amesema uongo wangu wa mwezi wa tatu ameusamehe, aliyefiwa hadaiwi.

Akaunti yetu nimeifunga. Adow amekaa nami siku mbili akanipangia rangi mpya. Si nzuri kama zako, lakini anazijua yeye na mimi, na mashine yetu haiguswi na mtu wa mbali.

Ulitaka nikutaje. Nimekutaja, na watu wamesimama.

Mdogo wako,
Wato


Hagadera, 7 Oktoba 2024

Mdogo wangu Wato,

Assalamu alaykum. Natumaini macho yamezizoea rangi mpya. Mama anakusalimia, sijamwambia kitu.

Nimepiga simu ofisini kwenu leo asubuhi. Alipokea Adow. Tulizungumza Kisomali, lugha ya mama zetu wote wawili, kwa hiyo hakuna neno lililopotea njiani. Nikamwambia mimi ni Ikran Bishar wa Hagadera, niliyetengeneza ule mpangilio, na kwamba niko hai.

Akauliza nitathibitishaje. Nikamtajia vitufe, F6 na F7 na vingine vyote, nikamtajia vifupisho kimoja kimoja. Akasema hivyo kila mtu ofisini anavijua, na huenda kambini pia, maana marehemu alikuwa mwalimu na alikuwa na wanafunzi. Nikasema nitamtumia picha ya kadi yangu. Akasema, akiniita mama, kadi anazijua, ndugu zake wenyewe walichukua posho kwa kadi ya nyanya yao miaka miwili baada ya kumzika, na hakuwalaumu, njaa ni njaa. Lakini kazi ni jambo jingine. Nafasi ile wameshampa mtu, anaitwa Abdinasir, ameanza wiki iliyopita. Akanishauri nisimpigie Keinan, kwa sababu Keinan bado ana uchungu na angeita polisi.

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alizungumza nami kama mtu anayezungumza na mwanamke mwenye shida, aliyesukumwa na watoto nyumbani. Akaniombea dua nipate riziki ya halali. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, jina langu la kweli ni nani, ili likitokea jambo jingine anikumbuke.

Nilikuwa nimeshalisema. Nikakata simu.

Ikran Bishar Nuh