Mashine ya Mama Mkwe Inawatesa Samaki wa Marehemu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana jambo lenyewe nikimweleza mtu wa karibu atanicheka, na mimi kucheka sijaweza tangu tumzike mume wangu.

Marehemu alikuwa fundi vioo, na tangi la samaki lililoko sebuleni alilitengeneza mwenyewe kwa vipande vilivyobaki kazini, kwenye gundi ya kona moja alama ya kidole gumba chake ipo mpaka leo, na humo alifuga samaki wawili, mmoja mwekundu na mmoja mweupe, wale wanene wenye mapezi marefu wanaokwenda kwa madaha, na mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu kumuuguza mwanawe na hakuondoka tena, kila asubuhi anavuta kiti chake anakaa mbele ya tangi huku mimi nikishona pembeni, hatuzungumzi sana lakini tupo.

Mume wangu alipougua alikuwa akilalamika kwamba hana tena nguvu za kubeba ndoo za kubadilishia maji, na kwamba anaitamani ile mashine ya kuchuja, yenye mtungi unaokaa chini ya meza na mipira miwili, mmoja unavuta maji machafu na mwingine unayarudisha masafi, basi baada ya mazishi mama akatoka peke yake, yeye asiyependa kutoka, akaenda kwa muuza samaki akataka kubwa kuliko zote, muuzaji akamwambia, "Mama, hii ni ya tangi kubwa mno, itawasumbua samaki wako," naye akamjibu, "Nimechelewa kumpa mwanangu, basi sitampa kidogo." Hayo alinisimulia mwenyewe, na ndiyo mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu msiba.

Ilipowashwa, maji yakaanza kwenda kwa kishindo, yanapiga kioo cha mbele na kurudi, samaki wanasukumwa huku na huku, chakula kinawapita midomoni hawakidaki, yule mweupe akajibanza nyuma ya jiwe mapezi yakichanika, na mama anapiga makofi, "Tazama wanavyocheza!" Nilishindwa kumwambia kwamba hawachezi. Nikafikiri ikivuta kidogo itatoa kidogo, nikabana koki ya mpira unaovuta, mashine ikanguruma na kutema mapovu, nikaogopa nikaiachia, ndipo nikawa naizima mama akienda kwa jirani na kuiwasha nikisikia kandambili zake mlangoni, mpaka siku moja akakaa huko kutwa, nilipowasha yakatoka maji meusi yananuka yai viza, na kesho yake mwekundu akawa anaelea.

Mshauri, nilimfunga kwenye kitambaa nikamfukia nyuma ya nyumba, nikaenda kununua mwingine anayefanana naye, na kwa kuwa mama macho yake si mazima hakuuliza kitu, ila siku hizi anamtania tu, anamwagia chakula na kumwambia, "Haya mgeni, kula," na mimi nainamia cherehani asinione machozi. Sasa mweupe naye hali chochote, ndiye wa mwisho aliyelishwa kwa mkono wa mume wangu, nikipunguza nguvu ya mashine mama atajua kwamba zawadi yake ilikuwa ikiwaua, nisipopunguza mweupe atakufa huku namtazama. Nifanyeje?

Mkwe Aliyekwama

MSHAURI ANAJIBU:

Mkwe, pole sana kwa msiba, na pole kwa kuubeba kimyakimya. Pole hiyo inatoka moyoni. Sasa niruhusu nikugombeze.

Kwa kuwa samaki ninaowajua mimi ni wa sufuriani, nimempigia simu mfugaji mmoja ninayemfahamu. Nilipomsomea barua yako na kufika mahali pa kuzima mashine, akapiga kelele hadi nikaiweka simu mbali na sikio. Anasema ndani ya ule mtungi mnaota vijidudu vyema visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyokula uchafu wa samaki, navyo vinaishi kwa maji yanayopita. Ukizima kutwa, vinakufa na kuoza humo humo, na ukiwasha unawamwagia samaki uozo wote. Kwa hiyo mashine haikumuua mwekundu. Kuizima ndiko kulikomuua, na hilo ni lako, si la mama yako. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini usimtwike mzazi wa watu mzigo usio wake, hata kwa kumwonea huruma.

Mashine isizimwe tena. Koki ya mpira unaovuta iache wazi kabisa, usiiguse, maana ukiibana mashine inahangaika na kuvuta hewa. Inayobanwa ni koki ya mpira unaotoa, kidogokidogo, huku ukiwatazama samaki. Halafu mdomo wa bomba la kutolea maji ugeuzeni utazame kioo cha nyuma, maji yapige hapo kwanza yavunjike nguvu. Muuzaji atakuwa na bomba lenye matundu mengi, likilazwa kwenye ukuta wa tangi linatawanya maji yasitoke kwa mkupuo. Mdomo unaovuta uvisheni sponji ili mapezi yasinaswe, na ongezeni jiwe jingine ili mweupe apate pa kupumzikia. Maji badilisheni sehemu tu, msimwage yote. Mtajua mmepatia mkimwona samaki anaweza kusimama mahali pamoja bila kupigana. Ikishindikana, mashine irudi kwa muuzaji mbadilishane na ndogo, ila mama akubali mwenyewe.

Nije kwa huyo "mgeni." Wewe unasema anamtania. Mwanangu, unashona nguo za watu, uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi huuoni? Anayekaa mbele ya tangi lile kila asubuhi anamwita samaki mgeni kwa sababu ni mgeni. Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata mlangoni. Mama anajua yule si yule, na amenyamaza asikuumize, kama wewe unavyonyamaza usimuumize. Mmekaa chumba kimoja mnafichana kilio kimoja.

Leo akirudi kutoka kwa jirani, usiinamie cherehani. Mwambie, "Mama, mwekundu alikufa, na ni kwa kosa langu. Nilikuficha kwa sababu niliogopa. Mashine yako ni nzuri ila ina nguvu kuliko tangi letu, njoo tuipunguze." Kisha mwachie yeye ageuze bomba. Alitoka nyumbani akiwa na msiba wake kwenda kumtafutia mwanawe kitu, mwache akimalize kwa mkono wake.

Siwezi kukuahidi kwamba mweupe atapona. Mfugaji naye hakuniahidi. Akifa, usikimbilie dukani. Barua yako nimeisoma mara ya pili nikitafuta mahali ambapo wewe na mama mmewahi kumlilia huyo kijana pamoja, na sikupaona. Samaki atapata siku zake chache au nyingi. Ninyi wawili mlilieni mtu wenu.