Kaka Yangu Hamtaki Mpingo Ninayemwandika

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimebanwa huku na huku na sina wa kumwambia, mume wangu nikimweleza anacheka, anasema yaani wewe na kaka yako mnagombania mtu wa kuchorwa, na kweli ukilisikia harakaharaka ni jambo la kuchekesha, lakini ni mwezi wa pili sasa kaka hapokei simu zangu, na yeye ndiye aliyenilea.

Mimi ni mwandishi wa hadithi za katuni, na huenda wewe au wanao mnamjua Mpingo, yule shujaa mweusi ambaye risasi zikimgonga zinadondoka chini kama punje za mahindi, maana alianza kutoka kabla sijazaliwa na mpaka leo anatoka, waandishi wanastaafu, wengine wanakufa, yeye yupo tu. Sisi tulimjua utotoni. Baba alipofariki mama alirudi kwenye cherehani kutwa nzima, na kaka, aliyekuwa bado mwanafunzi, akawa ananiketisha chini ya meza ya kukatia nguo, juu ya vipande vya vitambaa, ananisomea matoleo ya zamani aliyopewa na muuza magazeti, mengine hayana hata jalada, na mshauri wangu, hadi leo nikisikia harufu ya kitambaa kipya kilichopigwa pasi namwona Mpingo. Mpingo wetu alikuwa na nguvu za kung'oa nguzo lakini mcheshi, akimkamata jambazi anamuuliza kwanza kama amekula, akifua joho lake anaimba vibaya mpaka majirani wanafunga madirisha, na akiogopa anasema wazi, "Leo naogopa, lakini twende hivyohivyo." Mimi nilikuwa mtoto wa kuogopa kila kitu, na maneno hayo ndiyo yaliyonifikisha shule.

Basi mwaka huu wachapishaji wake wamenipa mimi nimwandike. Nililia kwa furaha. Nikaenda kwenye chumba chao cha kumbukumbu nimsome tangu mwanzo, na hapo nikapigwa na butwaa. Mwandishi wa kwanza, ambaye hakuwa mtu mweusi, alimfanya jitu lisilo na mama wala kwao, halisemi kitu ila "Nitavunja!", na kazi ya kufikiri wanaifanya wenzake weupe humo hadithini. Wa pili, mweusi mwenzetu, akampa mke, dada na kazi ya ufundi magari, lakini akamfanya mwema kupita kiasi, kama mgeni anayeogopa kumwaga chai kwenye kochi la watu. Wa tatu akamjaza hasira na hotuba, ukurasa mzima anahutubia tu. Nikamtafuta yule anayeimba, yule anayeuliza kama umekula. Hayupo, hata kwenye toleo moja. Kumbe alikuwa kaka! Alikuwa anatazama picha na kujitungia maneno.

Nikamwandika huyo huyo wa kaka. Mhariri akasoma, akaniuliza, "Huyu umemtoa wapi? Wasomaji wanataka ngumi," na akasema nimrudishe yule wa mwanzo, la sivyo kazi atampa mwingine. Nikajifariji kwamba angalau kaka atafurahi, nikampelekea kurasa pale saluni kwake, maana yeye ni kinyozi, aliacha shule akaanza kunyoa ili mimi nisome. Akazima mashine, akasoma mpaka pale Mpingo anapotetemeka mlangoni mwa hospitali, akanirudishia.

"Umemfanya mlegevu."

"Kaka, huyu ni wako. Wewe ndiye uliyemtunga."

"Mimi nilikuwa nabembeleza mtoto anayelia. Mpingo ni yule wa kwanza. Mtu mweusi akionyesha woga, dunia inampanda kichwani."

Nami kwa uchungu, mbele ya wateja wake, nikasema, "Basi ulinidanganya utoto wangu wote!" Nikatoka. Tangu siku hiyo ni kimya. Sasa nimwandike yupi, mshauri? Wa mhariri, au huyu ambaye hata mwenyewe amemkana?

Ni mimi, Mdogo Wake Kinyozi.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, na hongera kwa kazi. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Umewachambua waandishi watatu, ukajua kila mmoja alimwonaje Mpingo na kwa nini. Wa nne, aliyekulisha na kukusomesha, hukumuuliza swali hata moja. Ulimpelekea kurasa ukangoja kupigiwa makofi. Alipokataa ukamwita mwongo mbele ya watu wanaompa riziki! Baba aliyefariki alikuwa wa kwako peke yako? Kijana yule naye alikuwa amefiwa. Wewe ulikuwa na mtu wa kukwambia twende hivyohivyo. Yeye alikuwa na nani?

Na usiyadharau maneno yake. Kinyozi husikia mengi, na anajua dunia inavyomchukulia mwanamume mweusi anayetetemeka. Unaweza usikubaliane naye, lakini msikilize hadi mwisho.

Kwa hiyo, nenda kesho mchana, mikono mitupu. Ulimtusi mbele ya wateja, muombe radhi mbele ya wateja. Kisha muulize, alipokuwa peke yake, alikuwa anamsoma Mpingo yupi. Maneno aliyotunga ni mali yake, usiyachapishe bila ruhusa yake. Kuhusu mhariri, mpe ngumi anazotaka, shujaa bila ngumi hawi shujaa. Lakini usikubali kumnyima Mpingo kinywa. Akishupaa, mwachie kalamu yake, ukatafute pengine. Jitu lisilosema tulishalisoma, lilitutosha.

Jibu hili nilimtumia binti mwenyewe kabla ya kulileta gazetini, na juzi amenipigia simu. Alikwenda. Aliomba radhi saluni imejaa, na kaka mtu aliendelea kunyoa kama hakusikia. Wateja walipokwisha ndipo akakaa, akamwambia, "Wewe ukishasinzia, nilikuwa narudi mwanzo namsoma kama alivyoandikwa. Nilihitaji mtu asiyelia." Binti anasema kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulijua hilo, wakalia wote wawili mpaka mteja aliyechungulia mlangoni akarudi zake.

Maneno yake kaka ameruhusu yatumike. Jina lake amekataa lichapwe, anasema kwenye kibao cha saluni linatosha. Mhariri naye amelegea, amekubali toleo moja la kujaribia, kwa sharti kwamba ziongezwe ngumi mbili.

Ngumi hizo amezitunga kaka.