Barua Niliyoiita Hirizi

Jumatano. Mvua ya tangu alfajiri imeacha madimbwi hapa vichochoroni Badjanani, mtaa wetu wa Moroni, na mimi kutwa nzima sijisikii kusema na mtu. Siumwi. Nina aibu tu, tena aibu ya zamani, ya miaka arubaini na kitu, ambayo nilidhani nimeshaizika.

Naandika kwa Kiswahili, lugha aliyokuja nayo mama yangu kutoka Unguja, na sababu yake ni woga: majirani zangu wa Moroni hawataisoma. Haya, nimeanza kukiri mapema.

Asubuhi Nasra, mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili, kaamka na mafua. Mafua ya kawaida, pua inachuruzika, homa hana. Mama yake alishakwenda kazini. Akanijia jikoni, Koko, mwandikie mwalimu anipe udhuru, leo tuna michezo. Koko ndiye bibi kwa lugha ya huku. Nilivyofurahi! Nikavaa miwani, nikaandika Kifaransa safi, kile nilichokula nacho mshahara ofisini miaka thelathini, nikatia na sahihi ya madaha.

Nasra akaisoma. Akaikunja polepole. Akaniambia kwa adabu kwamba siku hizi wazazi humtumia mwalimu ujumbe kwa simu, akipeleka karatasi wenzake watamcheka. Akaniaga, akatoka. Barua kaiacha mezani, chini ya kikombe.

Uso ule naujua. Niliwahi kuuvaa mwenyewe.

Nilikuwa na umri wake, nyumbani kwetu Mutsamudu, kisiwa jirani. Baba yangu alikuwa fundi, maana yake huku ni mwalimu wa chuo cha Qurani. Nusu ya watoto wa mtaa walishika kalamu kwa mara ya kwanza barazani kwake. Barua aliandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wake, na mwandiko wake ulijulikana mji mzima. Kifaransa hakukijua hata salamu. Mambo ya shule yote aliyaandika kaka yangu, na hivyo ndivyo nilivyotaka. Nilikuwa nikiona barua ya Kifaransa ndiyo barua, na ile ya baba ni mambo ya kizee. Mtoto mjinga lakini anajiona, ndiye mimi.

Mwaka ule kaka alikuwa keshahamia Moroni kusoma. Nami nikapata kikohozi. Kidogo sana, wallahi, ukinipa asali kinapoa. Lakini siku ile ilikuwa ya kuchagua kwa mbio watakaopita kwenye gwaride la sikukuu, na mimi katika mbio nilikuwa wa mwisho daima. Wa mwisho walirudishwa kukimbia peke yao huku darasa zima linatazama. Basi nikakikuza kikohozi. Nikaenda kwa baba, nikakohoa mbele yake mara tatu, nikamwomba aniandikie udhuru. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, kwa hiyo barua angeisoma bila shida.

Baba hakuuliza sana. Alinawa mikono, akachonga upya kalamu yake ya tete, akaandika bila haraka, mimi nimesimama mlangoni nachezesha mguu kwa papara. Aliponipa, wino ulikuwa bado haujakauka vizuri. Niliona Bismillahi juu. Mengine sikuyasoma, nikakunja nikakimbia.

Kiwanjani mwalimu wetu hakuwepo. Ilikuwa ile miaka ya askari wa Kizungu wa kukodiwa, wale waliokuwa wakimlinda rais, na mmoja wao alikuwa Mutsamudu. Kwa ajili ya gwaride, siku ile yeye ndiye aliyeshika filimbi. Mrefu, kabukta kafupi, shingo nyekundu kwa jua. Nikampa karatasi kwa sababu nilishaitoa mfukoni na kila mtu kaiona. Akaigeuza juu chini, akaniuliza kwa Kifaransa hiki ni kitu gani, na nani kaandika.

Hakuwa mkali. Angekuwa mkali leo ningekuwa na kisingizio.

Ningeweza kusema ni barua ya baba yangu, nikamsomea na kumfasiria. Maneno nilikuwa nayo. Lakini niliziona zile herufi mkononi mwa yule Mzungu, nikaona zinanitia mchangani mbele ya watu, nikafungua kinywa.

"Si barua," nikasema. "Ni hirizi. Baba yangu hajui kuandika."

Nyuma yangu walikuwa watoto arubaini. Arubaini wale wote waliweza kuisoma karatasi ile, na nusu yao aliyewafundisha kusoma ni baba yangu. Hakuna aliyenisahihisha. Mmoja akacheka, wakacheka wote. Yule askari naye akatabasamu, akanirudishia karatasi, akasema vizuri, hirizi hiyo na inisaidie kukimbia.

Nikakimbia. Wa mwisho. Nikarudishwa, nikakimbia tena peke yangu, nakohoa kweli sasa, karatasi imeloa jasho mkononi. Nilipofika kona ya mbali ya kiwanja niliifinyanga nikaitupa nje ya ukuta.

Kwetu karatasi yenye jina la Mungu haiachwi chini. Atakayeiona ataiokota, ataipangusa, ataipeleka msikitini au kwa fundi. Nililijua hilo tangu sijaota meno ya pili, na baba ndiye aliyenifundisha. Nikaitupa hivyo hivyo.

Jioni tumekaa tunakula, akabisha hodi mama mmoja wa kijiji cha Patsy, aliyeshuka mjini kuuza ndizi. Kaiokota karatasi njiani, na kila aliyemwonyesha alimwambia huo ni mkono wa Fundi, mpelekee. Akakaa, akaeleza yote kwa kicheko, hana baya moyoni, maana watoto walishamsimulia. Ati binti yako kamwambia Mzungu ni hirizi! Ati Fundi hajui kuandika! Aliona ni utundu wa mtoto aliyetaka kumchezea shere askari. Mama yangu alinitazama nikatamani ardhi inimeze na tonge langu mkononi.

Baba aliinyoosha karatasi juu ya goti lake. Akaipapasa mikunjo yote kwa kidole gumba. Akamshukuru yule mama, akaomba aletewe kahawa. Halafu akaiweka ndani ya msahafu wake, akaufunga, akanigeukia.

"Kikohozi kimepoa?"

Nikasema kimepoa.

Basi. Hakunigombeza, hakunipiga, hakumhadithia mtu. Nikajipa moyo kwamba kasamehe, labda hata kasahau. Baada ya miezi miwili nikaugua malaria ya kweli, siku nne kitandani. Nilipopata nafuu, shule ikataka barua. Nikaenda kwa baba barazani, na niliona kabisa kalamu yake iko pale, na karatasi ziko pale. Akaniambia niende kwa jirani yetu karani wa forodha.

"Yeye akuandikie," akasema. "Ana mkono mzuri."

Mwenye mkono mzuri kuliko wote Mutsamudu ndiye aliyesema hivyo, wala hakusema kwa kejeli. Nikaenda kwa karani. Nikafanya hivyo mpaka nilipomaliza shule, na sikupata siku ya kumwomba radhi. Siku zilikuwepo, nadanganya tena. Zilikuwepo nyingi. Kinywa kilichokuwa chepesi kiwanjani kikawa kizito nyumbani.

Alipofariki, miaka sita iliyopita, dada yangu aliniletea msahafu ule kutoka Mutsamudu. Siku ya kwanza tu nilipoufungua niliiona ncha ya karatasi, nikaufunga. Tangu hapo nasoma msahafu mwingine. Mtu mzima, mwenye wajukuu, naogopa karatasi.

Leo, baada ya Nasra kuondoka, niliketi naitazama barua yangu chini ya kikombe mpaka chai ikapoa. Halafu nikauteremsha msahafu wa baba. Wino umekuwa wa kahawia na mikunjo ingali ipo, lakini kila herufi inasomeka. Baada ya Bismillahi kaandika hivi:

"Mwanangu mwalimu, assalamu alaykum. Binti yangu Mariama anasema kifua kinambana. Nimemsikiliza, naona ni kikohozi kidogo tu, na kukimbia anaweza. Lakini tangu azaliwe hajaniomba nimwandikie kitu, na leo kaniomba. Basi mpumzishe, tafadhali, kwa ajili yangu mimi."

Alijua. Kumbe alijua nimejikoholesha, akanawa mikono akaandika.

Nimelia jikoni kama mtoto, sioni haya kulisema hilo. Haya yangu ni nyingine. Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba aniandikie, na yeye alihakikisha haitatokea ya pili, ili nisiaibike naye tena.

Nasra amerudi saa nane, mafua yake yale yale, na michezo kacheza. Yuko chumbani na simu yake. Barua yangu sijaitupa wala sijaificha. Nitamwomba anifundishe huo ujumbe wa kwenye simu unavyotumwa, nisijifanye nimekasirika. Na kesho akitoka shule nitamketisha, nimsomee karatasi ya babu yake mkuu neno kwa neno, kwa lugha yetu ya hapa anayoielewa yeye na majirani wote, mlango ukiwa wazi. Nitaanza na lile nililolikana mbele ya watu.

Baba yangu alijua kuandika.