Mbao Zisizounguza

Shoga, fundi wa kunidanganya mimi hajazaliwa. Haya, wa bomba alizaliwa, na wa paa naye. Lakini huyu wa leo nimemshuku tangu getini.

Unajua mwanangu anataka kunijengea baraza la mbao nyuma ya jiko, nipumzishe nje nyonga yangu niliyoivunja kwenye vigae. Fundi kaleta vipande vya mbao za plastiki, kavitandaza juani. "Mama, hizi hazitelezi wala hazipati joto."

Paka akakanyaga. Aliruka mpaka dirishani.

Nikamwambia, "Baba, vua viatu usimame hapo." Akasema ana fangasi.

Fangasi, shoga. Mtu mzima kachagua fangasi kuliko kukanyaga mbao zake mwenyewe.

Mwanangu naye, "Mama, muache fundi wa watu, tushakubaliana." Fundi akapata nguvu. "Mbona nimemwekea bibi mmoja, nyumba ya mwisho barabara hii, geti la bluu. Anatembea peku mchana kutwa."

Geti la bluu. Nikamuuliza, "Ile yenye mpapai?"

"Hiyo hiyo, mama."

Shoga, si kwako hapo? Jana tu nimekaa kwenye vumbi la uani kwako mpaka kanga ikabadilika rangi.

Nikamwambia, "Huyo ni rafiki yangu, ngoja nimpigie." Akakohoa. "Samahani mama, nimechanganya. Ni jirani yake wa mbele."

Jirani yako ni makaburi.

Nikamjibu mbele ya mwanangu, "Hapo sawa, baba. Hao hata ukiwawekea bati la moto hawalalamiki."